Hatua Kumi na Mbili Kutoka Bombani

Mama yangu anaitwa Ramani. Jina la kuzaliwa analo, liko kwenye kitambulisho, lakini ukilitaja mjini kwetu watu watakutumbulia macho tu. Uliza Ramani, na hata mtoto wa chekechea atakunyooshea kidole: yule pale, mwenye jembe begani na buti za mpira, anayetembea mbiombio utadhani kaacha maziwa jikoni.

Kazi yake ni kusafisha makaburi. Kwingine labda watu wangekunja pua. Kwetu hapana, kwa sababu mji wetu hauna kiwanda, hauna mgodi, na timu yetu ya mpira bora tusiizungumzie. Tuna Siku ya Waliotangulia, basi. Mara moja kwa mwaka mabasi yanaanza kuingia tangu alfajiri, nyumba za wageni zinajaa mpaka watu wanalala kwenye viti, na wenye kamera wanapanga mstari kwenye vijia vya makaburini kututazama tukiongea na wafu wetu.

Maana ndicho tunachofanya. Kila ukoo unakwenda kwenye kaburi la mtu wake, unasalimia, unakaa chini, unampa habari za mwaka: nani kazaliwa, nani kaoa, nani kaachika, paa la nani limeng'olewa na upepo. Mkubwa wa watoto ndiye anayeanza. Na habari mbaya ndiyo inayotangulia, haifichwi wala haipambwi; zile nzuri zinakuja nyuma kufuta machozi. Wazee wanasema marehemu hana shughuli nyingine mwaka mzima ila kungoja siku hiyo, kwa hiyo ukimnyima habari zake umemwua mara ya pili. Nimeyasikia maneno hayo tangu sijaota meno, na bado nilifanya nilichofanya. Niseme mapema, nisije nikaonekana najificha nyuma ya mama: aibu ninayoisimulia hapa ni ya watu wawili.

Wiki sita kabla ya Siku, mama huwa haonekani nyumbani. Familia zilizohamia mbali humpigia simu, naye anachukua jembe, fyekeo, ndoo mbili na mswaki mkuukuu wa kuchokonolea uchafu ndani ya herufi. Makaburi sitini na kitu, na hajawahi kuandika hata moja kwenye karatasi. Yote yako kichwani. Kuna mwaka alikuja bwana mmoja mtu mzima, hana chochote mkononi ila jina la babu yake, na mvua inanyesha. Mama alimpeleka moja kwa moja mpaka chini ya ukuta wa mashariki, akamwambia, "Babu yako huyu hapa. Na hapa pembeni ni mbwa wake, lakini usimwambie mtu wa manispaa." Yule bwana alilia na kucheka kwa pamoja. Jina la Ramani lilianzia siku ile.

Lakini kinyozi hajinyoi.

Bibi yangu, mama yake mama, alifariki miezi miwili baada ya mjomba kuondoka. Mjomba ndiye kitinda mimba, mtoto wa mwisho wa bibi, na mama ndiye wa kwanza. Katikati hapo walikuwepo wengine ambao hawakukua. Mjomba alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na alipopata taarifa ya msiba hakuweza kurudi. Tukamzika bibi bila yeye, kona ya chini, na tukasimika kibao cha mbao chenye jina lake wakati tunajipanga kuweka jiwe. Mama alihesabu kwa miguu yake: hatua kumi na mbili kutoka bombani, ukielekea ukutani. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Bomba ni bomba, litakwenda wapi?

Mwaka wa kwanza tulikaa pale vizuri, tukampa bibi habari zake. Mwaka wa pili mvua zilichelewa kuisha, majani yalikuwa kiunoni, na mama alikimbizana na makaburi ya watu mpaka asubuhi ya Siku yenyewe. Kwa bibi alipita tu, akasalimia akiwa amesimama, ndoo mkononi. "Mama yangu hana neno na mimi," alisema. "Atanielewa." Mwaka wa tatu manispaa walipanua njia ili wageni wapite vizuri. Walihamisha bomba. Walikusanya vibao vyote vilivyoliwa na mchwa, wakavichoma. Mama alikuwa anafanya kazi upande wa juu, moshi aliuona, akadhani wanachoma majani.

Siku mbili kabla ya sherehe, alipomaliza ya wenzake, ndipo alipokwenda kwake. Alirudi saa kumi jioni, akakaa kizingitini bila kuvua buti.

"Nimempoteza," akasema.

"Nani?"

"Mama."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilidhani ananitania. Kisha nikamtazama usoni, nikaketi kando yake.

Alikuwa amesimama kwenye bomba jipya, akahesabu kumi na mbili, akajikuta katikati ya njia. Alitafuta lilipokuwa bomba la zamani, pamemwagwa kokoto. Pale konani palikuwa na matuta saba yasiyo na kibao, mengine ya kale, mengine ya karibuni, yote majani matupu. Mchimbaji aliyemzika bibi naye alishakufa. Nilimwambia aende ofisi ya manispaa akaulize, daftari la maziko huenda lipo. Akanitazama kama nimemtukana.

"Ramani amuulize nani njia?" akasema.

Nikamwelewa. Angeuliza saa nne, saa sita mji mzima ungekuwa unajua: Ramani kampoteza mama yake mzazi, na yeye ndiye tunayempa wetu awatunze. Hofu hiyo ilimfunga mdomo, na mimi sikumfungua. Nilijiambia tutatafuta taratibu, Siku ikishapita. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tumeshaanza kupanga matofali.

Mjomba alipiga simu wiki ile ile. Hakutaka mengi. "Dada, nitumie basi picha ya kaburi la mama. Hata moja. Sijawahi kuliona." Mama akasema kesho. Akapiga tena, mama akasema simu imeharibika. Mara ya tatu mjomba alisema kwa sauti ndogo, "Dada, au kuna kitu hutaki nijue?" Mama akakata simu, akaniita.

Mimi nina kibanda cha fotokopi na picha za pasipoti karibu na posta. Kazi yangu ni kumkalisha mtu mbele ya shuka jeupe na kuhakikisha kwenye picha kunatokea kinachotakiwa kutokea, basi. Kwa hiyo mama alipoeleza anachotaka, sikuhitaji kufundishwa.

Kulikuwa na kaburi la mke wa Fundi, mzee aliyekuwa akishona sare za shule za mji mzima kabla macho hayajamchoka. Alilijengea mwenyewe, marumaru nyeupe, safi, na mama ndiye aliyelitunza kila mwaka. Nilichukua beseni la maua nikaliegemeza palipoandikwa jina. Nikainama, nikasogea kushoto kidogo ili nguzo ya taa isitokee, nikapiga. Ilikuwa picha nzuri. Nilifurahi nayo, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Mjomba alijibu dakika hiyo hiyo. "Asante dada. Sasa naweza kulala."

Tulituma picha ya namna hiyo miaka tisa. Kila mwaka nilibadilisha maua. Kila mwaka mama alikwenda konani, akayatazama yale matuta saba kwa mbali, akarudi. Hakukaa kwenye hata moja, maana ukikaa lazima utoe habari, na utamtolea nani? Tulipoulizwa na majirani mbona hatuonekani kwenye kaburi la bibi Siku ikifika, tulisema kazi imezidi. Wakamhurumia. Wakamsifu kwamba anajinyima kwa ajili ya wenzake, na mama akaitikia asante huku anatazama chini. Nilimwona anazeeka kwa sifa zile.

Mwaka wa kumi wa uongo huo mjomba akasema anakuja.

Alifika siku moja kabla, mzito kidogo, nywele zimepungua, kacheka getini vile vile alivyokuwa akicheka zamani. Tulikumbatiana mpaka jirani akatoka kuangalia. Kwenye begi lake, katikati ya nguo, kulikuwa na kitu amekifunga kwa taulo. Akakifungua polepole juu ya meza ya chakula. Ilikuwa ni picha yangu, ile ya kwanza, ameikuza, ameitia fremu.

"Kila mwaka, Siku hii, naomba ruhusa kazini," akasema. "Naiweka mezani, naisalimia, naipa habari. Wenzangu kule wanadhani nimechanganyikiwa. Nikawaambia, nyie hamjui kwetu."

"Chai inapoa," mama akasema.

Nilimfuata jikoni. "Mama, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Aliyepiga picha nani? Mwambie wewe."

Nikachukua sahani, nikarudi sebuleni, nikamuuliza mjomba habari za baridi ya huko.

Mpango ulikuwa rahisi, na sitadai sikushiriki kuupanga. Fundi miguu inamsumbua, huwa anakuja makaburini alasiri. Sisi tungekwenda asubuhi na mapema, mjomba akae pale kwenye marumaru, amalize, tumrudishe nyumbani apumzike. Jina ningelifunika kwa maua mengi kuliko mwaka wowote. Nilibeba ndoo tatu.

Asubuhi hiyo makaburini palishajaa. Kila upande sauti za watu wanasimulia: mitihani, mimba, kesi za mipaka ya shamba, mtu mmoja anamweleza baba yake kwa uchungu jinsi timu ilivyoshuka daraja. Kando ya njia kulikuwa na wageni wanne na mtembeza watalii wao. Mjomba aliiona marumaru kwa mbali akaitambua, akavua kofia. Alitembea hatua za mwisho kofia mkononi.

"Nataka nilione jina lake kwanza," akasema, akanyoosha mkono kwenye maua.

"Hayaondolewi!" mama akasema kwa haraka. "Maua ya Siku hayaondolewi mpaka jua lizame. Ndiyo mila."

Hakuna mila hiyo. Haijawahi kuwepo. Lakini Ramani kasema, na yule mtembeza watalii aliitikia kwa kichwa kwa heshima akawatafsiria wageni wake, na mmoja akaandika kwenye kijitabu. Nilitamani ardhi ipasuke, ingawa pale ilikuwa imeshapasuliwa vya kutosha.

Mjomba alirudisha mkono. Akapiga magoti. "Shikamoo, mama," akasema, akamgeukia mama yangu. "Dada, anza. Wewe ndiye mkubwa."

"Anza wewe. Umetoka mbali."

Alishangaa, lakini akakubali. Akaweka ile fremu pembeni ya goti.

"Mama, habari mbaya kwanza," akasema. "Sikukuzika. Kila mwaka nakwambia kwenye picha, ila picha si sawa na hapa. Nilikuwa na wiki saba tu kazini. Waliniambia ukiondoka usirudi. Nikabaki. Saa ile unateremshwa mimi nilikuwa nakanda unga, mama, na nilikanda vizuri, sikukosea hata kipimo. Nimekuja kukuomba radhi."

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika mpini wa jembe kwa mikono miwili. Mimi nilitazama buti zake.

Ndipo nikasikia kikohozi. Fundi alikuwa amesimama makaburi matatu kutoka kwetu, kigoda kwapani, fungu la maua mkononi, amevaa suti ya kahawia aliyojishonea mwenyewe zamani. Baadaye tulijua kwamba binti yake alikuwa na safari mchana, akamleta mapema. Alimtazama mwanaume mgeni anayelia juu ya kaburi la mke wake. Akayatazama maua yaliyorundikwa juu ya jina. Akamtazama mama, akanitazama mimi. Mzee aliyepima watu maisha yake yote, hakuhitaji utepe.

Mjomba aligeuka, akafuta uso. "Shikamoo, mzee. Nipo na mama yangu hapa."

Fundi akavua kofia. Alichelewa kujibu, na katika kuchelewa kule mimi nilikufa nikafufuka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Endelea. Usikatishe. Mimi nitangoja."

Akafungua kigoda chake ukingoni mwa njia, akakaa, maua mapajani, akatazama pembeni ili asitusikilize.

Nimemwona mama akifokewa na matajiri, akinyimwa maji, akiumwa na nyoka na kurudi kazini kesho yake. Sijawahi kumwona anavunjika. Wema wa yule mzee ulimvunja. Kama angetufukuza, nadhani mama angejitetea. Lakini alikuwa kakaa pale anangoja zamu kwa mke wake mwenyewe, na maua yanaanza kunyauka mkononi.

"Inuka, mdogo wangu," mama akasema.

"Bado sijamaliza, dada."

"Inuka hapo. Hapo si kwa mama." Akapiga magoti mwenyewe, akayasukuma maua kwa viganja vyote viwili, mpaka jina likatokea. "Hapo ni kwa mke wa huyu mzee."

Mjomba alilisoma lile jina. Akasoma na tarehe. Akarudia kusoma, midomo inacheza, kama mtu anayejifunza. Kisha akaitazama fremu yake.

"Na hii?"

Mama akanigeuzia macho.

"Nani alipiga?"

"Mimi, mjomba," nikasema.

"Zote?"

"Zote."

Hakunipiga, hakunitukana. Aliitazama picha, akanitazama mimi, na niliona anavyohesabu miaka, ruhusa alizoomba kazini, meza aliyoipangusa, habari alizozisimulia. Kwa mtu asiyemjua. Mama alikuwa anamwomba Fundi radhi, maneno hayatoki sawasawa, na mzee akamwinua kwa mkono, akamwambia, "Tutaongea baadaye, mama. Nendeni kwanza kwa mwenyewe."

Tukateremka konani. Mama mbele, mjomba katikati, mimi nyuma na ndoo zangu tatu tupu. Watu walikuwa wanatupisha njia, wanamsalimia Ramani kwa furaha, naye akaitikia kila salamu. Nadhani ile ilikuwa njia ndefu kuliko zote alizowahi kutembea.

Alisimama mbele ya matuta saba.

"Ni mojawapo ya haya," akasema. "Nilihesabu kutoka bombani. Wakahamisha bomba."

"Miaka mingapi?"

"Mwaka huu wa kumi."

"Na wewe ukanyamaza."

"Niliona aibu, mdogo wangu. Ningewezaje kusema? Mimi, wa kumpoteza mama?"

Mjomba aliyatazama matuta yote saba. Nilidhani atageuka aondoke, na nisingemlaumu. Badala yake aliilaza fremu chini, picha ikiangalia ardhi, akakunja suruali, akapiga magoti kwenye tuta la kwanza.

"Shikamoo, mama," akasema.

Akainuka, akaenda la pili. "Shikamoo, mama." La tatu. La tano lilikuwa fupi, hatua moja tu kwa urefu, la mtoto, kila mtu angejua. Mama alitaka kumwambia, nilimwona, akakosa mdomo wa kusemea. Mjomba akasalimia pale pia. Alipomaliza la saba akarudi tulipo, magoti yana udongo.

"Wewe ndiye mkubwa," akamwambia mama. "Anza. Habari mbaya kwanza."

Mama akaweka jembe chini. Nilimwona anatafuta tuta la kuanzia, yeye ambaye hajawahi kusita makaburini. Akaenda kwenye lile la kwanza.

"Shikamoo, mama," akasema. "Habari mbaya ni hii. Nimekupoteza. Nilitunza wa watu, wewe nikakupita na ndoo. Halafu nikamdanganya mwanao."

Akalia pale kwa sauti, mpaka waliokuwa jirani wakanyamaza na kugeuka. Wakasikia, na wakaelewa, na hakuwaficha uso. Kisha akainuka akaenda la pili, akayasema yale yale, neno kwa neno. Na la tatu. Hata kwenye tuta la mtoto alipiga magoti, akaliambia lile tuta fupi kwamba alilipoteza.

Alipofika la saba, mjomba akanigeukia.

"Na wewe?"

Nilikuwa nimesimama na ndoo zangu. Upande wa juu nilisikia sauti ya Fundi, ameshaanza, anamweleza mkewe habari za macho yake. Nikaweka ndoo chini, nikaenda kwenye tuta la kwanza, nikapiga magoti kwenye alama za magoti ya mama.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Picha nilipiga mimi."